Vipodozi vya Kujaza Upya: Faida Ipo Kwenye Ununuzi wa Pili

Kwa mwenye mtaji mdogo anayeanzisha chapa ya vipodozi, vifungashio humeza fedha mapema. Kopo zito la kioo lenye kikopo cha ndani cha kubadilisha ni ghali kuliko la plastiki la kawaida, na viwanda haviuzi kwa dazeni.

Mtindo wenyewe si mgeni. Mwaka 1976, mjini Brighton, Uingereza, Anita Roddick alifungua duka la kwanza la The Body Shop kwa mkopo wa pauni 4,000. Chupa zilikuwa chache, hivyo wateja walirudi na zao kujaziwa. Kulikuwa kubana matumizi kwanza. Sifa za mazingira zilifuata.

Mteja asiporudi, kopo zito limekula malighafi na nishati zaidi ya lile jepesi, na mfanyabiashara amelipia urembo usiomrudishia mtaji. Losheni, inayokwisha upesi, ina nafasi nzuri. Wanja hukaa miezi.

Tahadhari moja: losheni yenye maji ikimiminwa kwenye chupa isiyosafishwa vizuri huota ukungu. Kikopo kilichofungwa kiwandani ni salama zaidi, ingawa nacho ni takataka, japo ndogo.