Jina la Gitaa si Jina la Fundi

Kabla ya kutoa kitita cha fedha kununua gitaa kuukuu la Kijapani la miaka ya 1970, usiridhike na jina lililoandikwa kichwani. Aghalabu hilo ni jina la mfanyabiashara tu. Ibanez ni chapa ya Hoshino Gakki ya Nagoya, ilhali magitaa yake mengi ya umeme yaliundwa na kiwanda cha FujiGen, mjini Matsumoto. Humo humo zilitoka Greco nyingi. Matsumoku, kiwanda kingine cha mji huo kilichofungwa 1987, kiliunda Aria na Epiphone kadha.

Mengi yaliiga Gibson bila haya, hata mnamo 1977 kampuni ya Norlin, iliyomiliki Gibson, ikashtaki huko Philadelphia kwa ajili ya umbo la kichwa. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama, lakini hadi leo wachuuzi wajanja huipandisha bei nakala yoyote kwa kuiita "gitaa la kesi".

Ligeuze, utafute nambari. Kwa Ibanez nyingi za 1975 hadi 1986, herufi ya kwanza ni mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. H77 basi ni Agosti 1977. Pasipo nambari, mwombe muuzaji afungue skrubu za shingo. Huenda mkakuta muhuri ndani.