Udaktari wa Vyuo Viwili

Mwanafunzi wa Lubumbashi anayekwenda Ubelgiji kusomea udaktari huweza kuandikishwa katika vyuo vikuu viwili kwa wakati mmoja. Huu ndio usimamizi wa pamoja, ambao Ufaransa iliuwekea kanuni zake mwaka 1994. Wasimamizi ni wawili, mmoja huku na mmoja kule. Tasnifu ni moja, nayo hutetewa mara moja tu.

Faida yake ni kwamba mwanafunzi hakai ugenini miaka yote. Huenda kwa miezi kadhaa, akarudi kwao, kisha akaenda tena. Lakini safari huanza na viza, na akifika ana siku 8 za kazi tu za kujiandikisha katika ofisi ya manispaa. Karatasi moja ikichelewa, muda wa ufadhili unazidi kupungua.

La ajabu ni kwamba hata mtafiti wa Kiswahili cha Katanga huihitaji safari hiyo. Nyaraka nyingi za enzi ya ukoloni zimehifadhiwa Brussels na katika Makumbusho ya Tervuren. Hata historia ya Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav mwaka 1965, iliwafikia wasomi wengi kupitia kitabu cha Johannes Fabian cha 1990, kilichochapishwa ng'ambo. Basi akiwa Tervuren mtafiti ana karatasi bila wasemaji; akirudi Katuba ana wasemaji, karatasi kaziacha. Heri anase mazungumzo ya wazee kabla ya kuondoka, na kule apige picha za nyaraka, kwa idhini, tangu juma la kwanza.