Sayansi haina jinsia, ila wanasayansi wanayo

Tumezoea kuambiwa kwamba sayansi haina mke wala mume. Mbili na mbili ni nne, awe anayehesabu ni Juma au Asha. Hilo halina ubishi. Lakini nani huamua kipi kihesabiwe? Nani huchagua swali la kuulizwa? Mama mmoja wa Marekani, Evelyn Fox Keller, aliyafuatilia maswali hayo kwa miaka mingi, hadi alipofariki dunia Septemba 2023 akiwa na umri wa miaka 87.

Alizaliwa New York mwaka 1936, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Urusi. Alisomea fizikia, akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1963. Haikuwa rahisi. Katika makala aliyoitoa mwaka 1977 alieleza jinsi alivyotengwa na kubezwa huko, kana kwamba mwanamke kupenda fizikia ni kichekesho.

Baadaye aliingia katika hisabati ya viumbe hai. Kuna viumbe vidogo sana vya udongoni, kila kimoja chembe hai moja tu. Chakula kikiwapo, kila kimoja hula kivyake. Chakula kikiisha, hukusanyika kwa maelfu na kuwa mwili mmoja unaotambaa. Nani hutoa amri? Wengi waliamini ziko chembe maalumu zinazoongoza. Mwaka 1970 Keller na mwenzake Lee Segel walionyesha kwa hesabu kwamba kiongozi hahitajiki: kila chembe hutoa kemikali, na kila chembe hufuata kemikali hiyo ilikozidi. Hata hivyo, kwa miaka mingi wenzao waliendelea kupendelea wazo la kiongozi. Keller akajiuliza: je, aliyezoea kuona mkuu mmoja akiamuru, si atamtafuta mkuu hata kwenye matope?

Mwaka 1983 alitoa kitabu juu ya Barbara McClintock, mtaalamu wa mahindi aliyegundua kwamba baadhi ya chembe za urithi huhama kutoka mahali hadi mahali. Kwa miaka mingi wenzake hawakuutilia maanani ugunduzi huo. Mwaka huohuo wa 1983 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel, akiwa na miaka 81.

Hapo wapo waliodaka neno: kumbe wanawake wana sayansi yao! Keller alikataa. Katika kitabu chake cha mwaka 1985 juu ya jinsia na sayansi, alieleza kwamba kwa karne nyingi huko Ulaya maumbile yalipewa sura ya mwanamke, na mtafiti sura ya mwanamume anayemtiisha. Akili na ukavu wa moyo vikahesabiwa vya kiume. Hisia na huruma vikahesabiwa vya kike. Alichotaka yeye ni kuuvunja mgawanyo huo, si kujenga uzio mwingine.

Basi tunajifunza nini? Msichana anapokatishwa tamaa katika hesabu, twasema amepoteza yeye. Keller angetuambia kwamba sayansi nayo imepoteza, kwa sababu swali ambalo angeliuliza huenda lisiulizwe na mwingine. Jicho moja huona, lakini mawili huona zaidi.