Una kampuni ya Limited? Soma hapa kabla hujasaini mkopo



Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti: "Nikisajili kampuni halafu biashara ikabuma, watakuja kuchukua vitu vyangu vya nyumbani?" Jibu fupi: kwa kawaida hapana. Lakini kuna karatasi unaweza kuisaini kwa mkono wako mwenyewe na ikafuta kinga yote hiyo. Najua kwa sababu niliisaini.

Mimi nauza mashuka na mapazia mtandaoni, niko Dar. Tulisajili kampuni na mdogo wangu: hisa 100, kila hisa shilingi 10,000. Mimi 70, yeye 30. Siku tuliyopata cheti nilijiona nimeshapona, nikajisemea sasa hata biashara ikianguka mimi binafsi siguswi.

Tuanze na msingi. Ukisajili JINA LA BIASHARA pale BRELA, hilo ni jina tu. Wewe na biashara mnabaki mtu mmoja. Deni la duka ni deni lako, na mdai akishinda kesi anaweza kufuata hadi kiwanja chako.

KAMPUNI yenye ukomo wa hisa, inayosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ni habari nyingine. Siku inaposajiliwa, kisheria amezaliwa mtu mpya. Ana jina lake, TIN yake na akaunti yake. Anaweza kununua kiwanja, kukopa, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Wewe ukifariki, kampuni haifi. Hisa zako zinarithiwa na yenyewe inaendelea.

Kanuni hii ilikaziwa na kesi ya fundi viatu wa London, Aron Salomon. Aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Hisa zilikuwa 20,007: yeye 20,001, mke na watoto wake watano moja moja. Kampuni ikafilisika. Upande wa wadai ukasema kampuni ni Salomon yuleyule, basi alipe mwenyewe. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa: kampuni ni mtu mwingine, na madeni ni ya kampuni. Sheria yetu ya makampuni ina mizizi hukohuko, ndo maana kesi hiyo inatajwa hadi leo kwenye mahakama zetu.

Ila upanga huu unakata pande zote mbili. Bwana mmoja huko Ireland, Macaura, aliuza mbao zake kwa kampuni yake, lakini bima akakata kwa jina lake binafsi. Mbao zikaungua. Mwaka 1925 mahakama ikamwambia mbao si zako, ni za kampuni. Bima hakulipwa. Kwa hiyo kama mzigo wako umenunuliwa na kampuni, angalia leo bima yako ina jina la nani.

Sasa turudi kwangu. Kampuni ilikopa milioni 8 kuagiza mzigo China. Siku ya kusaini niliwekewa karatasi kama saba, nikapiga saini moja baada ya nyingine huku naangalia saa. Moja ilikuwa ya DHAMANA BINAFSI. Ilisema kampuni ikishindwa kulipa, nitalipa mimi.

Mzigo ukachelewa, ulipofika rangi zikawa siyo zile tulizoagiza. Kampuni ikakwama na madeni mawili: ule mkopo, na milioni 1.2 za kaka anayetutengenezea mifuko ya kufungashia. Huyu kaka alikuwa anaidai kampuni tu, bila dhamana ya mtu yeyote. Alikwenda kuuliza kwa mwanasheria akaambiwa hana namna ya kumfuata dada mwenyewe, aidai kampuni. (Tulimlipa kidogo kidogo kwenye mauzo, mpaka ikaisha.) Lakini waliotukopesha hawakuhangaika na kampuni kabisa. Walikuja kwangu moja kwa moja na karatasi yenye saini yangu. Niliuza kiwanja changu cha Kibaha.

Kampuni ni ileile na mwaka ni uleule. Deni moja lilinipita pembeni, jingine likanibomoa. Tofauti ilikuwa ukurasa mmoja.

Wanasheria wanasema kati ya kampuni na mwenye hisa kuna pazia. Mimi nauza mapazia, najua mengine yanapitisha mwanga. Hili linapitisha sehemu hizi:

1. DHAMANA BINAFSI. Hapo hakuna aliyekuvunjia kinga, umeivua mwenyewe. Wakopeshaji wengi huidai kwa kampuni ndogo. Ukiona maneno "mdhamini", "binafsi" au "kwa pamoja na kila mmoja", simama. Uliza kama inaweza kuwekewa kiwango cha mwisho, mfano milioni 3 badala ya deni lote.

2. HISA AMBAZO HUJALIPIA. Mdogo wangu alichukua hisa 30 na hakuweka hata mia. Kampuni ikifilisika, anaweza kudaiwa hizo 300,000. Ukomo wa mwenye hisa ni kulipia hisa zake, lakini lazima azilipie. Usijiandikishie hisa nyingi ili uonekane mkubwa.

3. KUSAINI VIBAYA. Ukiandika jina lako tu kwenye mkataba, bila jina la kampuni na cheo chako, umempa mwenzako nafasi ya kusema alikubaliana na wewe. Mkataba uliosaini kabla kampuni haijasajiliwa nao unaweza kukubana wewe, maana huyo mtu mwingine alikuwa bado hajazaliwa.

4. UDANGANYIFU. Uingereza mwaka 1962, bwana Lipman alikubali kuuza nyumba na kiwanja, akabadili mawazo, akavihamishia kwenye kampuni yake ili asimkabidhi mnunuzi. Mahakama iliamuru yeye na kampuni yake wavikabidhi. Na kwetu, kampuni ikifilisika na ikaonekana iliendeshwa kwa nia ya kuwadanganya wadai, mahakama inaweza kuwaamuru waliohusika walipe kutoka mifukoni mwao. Kwa hiyo kupokea hela za oda huku unajua mzigo hautakuja, halafu ukajificha nyuma ya "Limited", haitakusaidia. Utapeli ni kosa la jinai, na kosa la jinai linamfuata aliyelitenda.

5. KODI. Kodi ya kampuni isipolipwa, sheria inaruhusu kuwafuata wanaoisimamia. Usiseme "hilo ni la kampuni" ukalala.

6. KUCHANGANYA HELA. Mteja analipia kwenye namba yako binafsi, hela hiyohiyo unalipia ada ya mtoto. Hela ya kampuni siyo yako hata kama hisa zote ni zako. Kampuni ikifilisika, anayeisimamia anaweza kukudai urudishe ulichochota. Na siku ya kesi, utamwonyeshaje hakimu kwamba wewe na kampuni ni wawili?

Mimi sasa hivi nafanya hivi. Lipa namba ni ya kampuni. Najilipa mshahara mdogo tarehe moja kila mwezi, na unaandikwa. Kila mkataba nasaini "kwa niaba ya kampuni, mkurugenzi". Karatasi ya mkopo naomba niende nayo nyumbani siku mbili. Wakikataa, naondoka. Na dhamana siku hizi naijibu kwa swali moja: niko tayari kukipoteza kitu hiki? Kama siko tayari, sisaini.

Mimi si mwanasheria, ni muuza mashuka aliyelipa ada ya somo kwa kiwanja. Kwa mkataba mkubwa, lipa wakili akusomee. Gharama yake ni ndogo kuliko Kibaha.

Kama umewahi kukopa kwa jina la kampuni, leo jioni toa yale makaratasi, tafuta neno "mdhamini", uone kuna jina la nani. Na kama una mwenzako anayekwenda kusaini wiki hii, mtumie hii kabla hajashika kalamu.