Gari la Umeme Likipunguza Mwendo, Taa za Breki Huwaka Lini?

Kwenye gari la mafuta jambo hili ni jepesi. Dereva akikanyaga breki, swichi ya kwenye pedali huwasha taa nyekundu, na anayemfuata anajua la kufanya. Gari la umeme lina njia nyingine. Ukiachia eksileta, mota hugeuka jenereta: magurudumu ndiyo yanayoizungusha, umeme unarudi kwenye betri na gari linakabwa, pengine mpaka likasimama kabisa. Pedali ya breki haijaguswa.

Hapo kompyuta ndiyo inayoamua kuwasha taa, nayo inahitaji kanuni. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H, inayotumika Ulaya na Japani, huangalia mwendo unavyopungua. Ukipungua kwa mita 0.7 kwa sekunde au chini ya hapo katika kila sekunde, taa zisiwake. Ukizidi 1.3, yaani karibu kilomita 5 kwa saa zinazopotea kila sekunde, lazima ziwake. Katikati hapo mtengenezaji ana hiari. Marekani ni tofauti: sheria inalazimisha taa pale breki ya kawaida inapotumika, lakini kwa ukabaji wa mota inaruhusu tu.

Pengo hilo lilionekana wazi mwaka 2023, pale jarida la Consumer Reports lilipoeleza kwamba baadhi ya magari ya umeme ya Hyundai, Kia na Genesis, yakiendeshwa kwa pedali moja, yalipunguza mwendo sana huku taa zimezimika, ilimradi mguu wa dereva bado umegusa eksileta. Aliye nyuma yako usiku wa mvua hana habari na mguu wako. Anachokitazama ni taa. Hyundai ilisema itabadilisha programu.

Kwa maoni yangu, taa zifuate mwendo, si mguu. Betri ikijaa, mota hukaba kidogo tu, na taa zikiwaka hapo zinamdanganya anayekufuata. Kwenye mteremko pia, mota ikilizuia gari lisiongeze kasi, hakuna cha kutangaza.

Ukinunua gari la umeme lililotumika, hasa lililotengenezwa kwa soko la Marekani, mwombe mwenzako akufuate kwa mbali kwenye barabara tulivu, kisha achia eksileta kidogo kidogo. Taa zisipowaka ilhali gari linakabwa kwa nguvu, mwulize fundi kuhusu programu mpya, na kwa sasa gusa breki kila unapopunguza mwendo.