Ziara ya Siku Moja Kutoka Kamalondo

Msafiri anayefika Lubumbashi aghalabu huonyeshwa dohani ndefu ya kiwanda cha shaba, na kando yake mlima mweusi wa mabaki ya madini yaliyoyeyushwa, akaambiwa kuwa huo ndio mji. Na ni kweli kwamba mji huu, ambao Wabelgiji waliuasisi mwaka 1910 wakauita Élisabethville, ulizaliwa kwa ajili ya shaba. Walakini sisi wakazi wa mtaa wa Kamalondo tunayo amana nyingine, nayo ni kumbukumbu ya wageni wawili walioletwa hapa kwa nguvu wasirudi kwao wakiwa hai. Na atakaye kuifahamu amana hiyo, siku moja yamtosha, akiwa na gari na kiongozi mwenye ilimu.

Asubuhi, kabla ya kutoka mjini, kiongozi huyo na amsimulie Simon Kimbangu. Mwaka 1921 Kimbangu alihubiri na kuombea wagonjwa kwao Nkamba, katika Kongo ya Chini, na umati uliomfuata ukaitia hofu serikali ya kikoloni. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, naye Mfalme Albert wa Ubelgiji, ambaye Kamalondo yenyewe iliitwa kwa jina lake zama zile, akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akahamishiwa huku, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao, akafariki tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Mwaka 1960 mwili wake ulirejeshwa Nkamba, ambako hata leo mahujaji huchota maji ya chemchemi wanayoyahesabu kuwa matakatifu.

Mgeni wa pili ni Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Tarehe 17 Januari 1961 alitolewa kizuizini Thysville, nako ni Kongo ya Chini, akaletwa kwa ndege pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wakashushwa uwanja wa ndege wa Luano, wakateswa katika nyumba iliyojulikana kwa jina la Brouwez, na usiku ule ule wakapelekwa porini Shilatembo, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, wakapigwa risasi. Miili yao ilifukuliwa ikayeyushwa kwa asidi, lisipatikane kaburi la kuzuru. Jino moja la Lumumba, lililochukuliwa na polisi Mbelgiji, lilirudishwa na Ubelgiji mwezi Juni 2022, na jeneza lililolibeba likapitishwa Shilatembo kabla ya maziko ya Kinshasa.

Shilatembo ni miti ya miombo, vichuguu, na udongo mwekundu unaoganda viatuni wakati wa mvua. Ndiyo sababu ni heri kwenda kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Pasipo msimulizi, macho peke yake hayatoshi. Kiongozi ajuaye wajibu wake hutaja majina matatu, wala si moja, kisha hunyamaza kitambo, maana Mpolo na Okito nao walikuwa na wake na watoto.

Mgeni aliyefia nyumbani kwako ni deni lako. Basi kabla hatujawangoja watalii kutoka mbali, walimu na wazazi wa Kamalondo na tuwapakie watoto wetu garini, tuwapeleke sisi wenyewe.