Je, Wajua? Sigara, Arosto na Programu ya Kukutoa

Je, wajua kwamba swali linalofichua mengi si "unavuta ngapi kwa siku"? Ni hili: ukiamka, unakaa muda gani kabla ya kuwasha ya kwanza? Limo katika maswali sita ya kipimo cha uraibu wa nikotini cha Fagerström, mwanasaikolojia wa Sweden. Anayewasha ndani ya dakika tano hupata alama za juu kabisa katika swali hilo. Mshauri asiyekuuliza hilo atajuaje dawa yako iwe na nguvu gani?

Je, wajua kwamba chingamu ya nikotini ina asili ya nyambizi? Mwaka 1967 mtafiti mmoja wa Sweden alimwandikia Ove Fernö wa kampuni ya dawa kwamba mabaharia wavutaji, wakizuiwa moto huko chini, hujituliza kwa tumbaku ya mdomoni. Fernö akaingia kazini. Lakini chingamu hii haitafunwi kama bigijii. Tafuna polepole mpaka ukali uwashe ulimi, iegeshe kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha tafuna tena. Kahawa na soda zikae mbali kwa robo saa, maana asidi yake huzuia nikotini kupenya mdomoni. Anayeitafuna mbiombio humeza nikotini na mate, tumbo likamchafuka, kisha akatangaza mtaani kwamba dawa haifai. Programu ya kweli hukuonyesha namna ya kuitafuna kabla hujatoka mlangoni.

Na kahawa yenyewe? Moshi wa sigara hulichochea ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Vikombe vile vile vya kijiweni vitakutetemesha mikono na kukukesheza. Utadhani ni arosto ya kukosa nikotini. Punguza vikombe kwanza.

Je, wajua kwamba Bulgaria wanauza vidonge vya sitisini, dawa inayotokana na mbegu za mmea, tangu 1964? Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku, Julai 2024, pamoja na nikotini ya tiba, vareniklini na bupropioni. Hii ya mwisho ilianza kama dawa ya sonona. Mwongozo huo unataka dawa iende pamoja na ushauri nasaha, kwa hiyo anayekuuzia pakiti na kukuaga amekupa nusu.

Kupunguza kidogo kidogo au kukata mara moja? Utafiti wa Uingereza uliotoka 2016 ulipima watu 697. Baada ya wiki nne, waliokata ghafla walikuwa bado hawavuti kwa asilimia 49, waliopunguza, 39.

Mvutaji anayefunga Ramadhani hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila moshi, na ndani ya saa 12 kaboni monoksidi katika damu hushuka hadi kawaida. Sigara ya baada ya futari huipandisha tena. Baadhi ya kliniki zina kifaa cha kupuliza kinachosoma gesi hiyo, na hapo maneno mengi hayasaidii.

Je, wajua pa kuwabana wenye programu wanaojisifia? Uliza wangapi bado hawavuti baada ya miezi sita, na wale waliopotea bila kufuatiliwa wamehesabiwa wapi. Kanuni ya watafiti ni kwamba aliyepotea huhesabiwa mvutaji.

Na Ufilipino, kuanzia 2006, benki moja iliwafungulia wavutaji akaunti isiyo na riba hata senti. Unaweka pesa kwa miezi sita, halafu unapimwa mkojo. Nikotini ikionekana, pesa zote zinakwenda kwa hisani. Walioombwa wengi walikataa. Mmoja tu kati ya kila tisa hivi ndiye aliyekubali. Hata hivyo, kundi zima lililopewa nafasi hiyo liliwashinda wenzao wasiopewa kwa watu watatu zaidi walioacha katika kila mia.